Usiache Kazi kwa Ahadi ya WhatsApp

Vijana wenzangu, leo tuweke pembeni kidogo mambo ya kura na mikutano, tuongee kuhusu mkate. Kuna jambo linatuumiza kimyakimya na halisemwi sana majukwaani. Kijana ana kazi, mshahara mdogo lakini upo. Anaahidiwa kazi nzuri zaidi, na siku hiyohiyo anaandika barua ya kuacha kazi. Mwezi unaisha, kazi mpya haipo, na ya zamani ameshapewa mtu mwingine. Imekula kwake.

Msimamo wangu ni huu: usiandike barua ya kuacha kazi mpaka umehakiki ofa na umeshika mkataba uliosainiwa na pande zote mbili. Wazee walishasema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi nasoma sheria, na nataka kuonyesha kwamba hata sheria ya nchi hii inasema karibu hayohayo, ila kwa vifungu.

Na sizungumzii matapeli peke yao. Dada mmoja wa tawi letu alikuwa anafundisha shule binafsi ya msingi. Mwezi wa kumi na moja, mwenye shule nyingine akamwambia, "Mwalimu, Januari njoo kwetu, tutakulipa vizuri kuliko hapo." Hakuna karatasi. Dada akaandika barua, akamaliza notisi yake vizuri kabisa, akaaga kwa amani. Januari akaambiwa walioandikishwa ni wachache, asubiri kwanza. Shule ile ipo, madarasa yapo, kengele inagongwa kila asubuhi. Kilichokuwa hakipo ni mkataba. Aliporudi shule ya zamani alikuta mwalimu mpya ameshashika chaki.

Sasa twende kwenye sheria. Nazungumzia Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria yao ya ajira ya mwaka 2005.

Kwa Sheria ya Mikataba, aliyetoa ofa anaweza kuiondoa wakati wowote kabla hujaikubali na kumfikishia majibu. Na kukubali kwenyewe lazima kuwe kamili. Ukijibu "nakubali, ila mshahara ongezeni kidogo", hapo bado mnajadiliana. Tena ofa nyingi zina masharti ndani yake: upimwe afya, vyeti vihakikiwe, wadhamini wapigiwe simu. Kabla masharti hayo hayajatimia, anayekuajiri bado ana mlango wa kutokea. Wewe ukishakabidhi barua ya kuacha kazi, mlango wako umefungwa, na kufunguliwa tena kunategemea utashi wa bosi wa zamani.

Halafu tazama unachoacha mezani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa kiinua mgongo mfanyakazi aliyetumikia miezi 12 mfululizo au zaidi: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, mpaka miaka 10. Lakini sharti ni kwamba mwajiri ndiye aliyesitisha ajira. Ukiacha mwenyewe, hiyo kwa kawaida huipati. Fao la kukosa ajira la NSSF nalo halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Kwa hiyo kazi mpya ikiyeyuka, unabaki bila mshahara na bila mto wa kuangukia.

Kuna jambo la tatu ambalo vijana wengi hawalijui. Kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haimhusu mfanyakazi ambaye hajafikisha miezi 6 kwa mwajiri huyo. Kama umekaa kazini miaka mitatu, bosi wako hawezi kukuamkia tu na kukuambia nenda. Anatakiwa awe na sababu halali na afuate utaratibu. Ukihama, hesabu inaanza sifuri. Ndiyo maana nasema kazi ya kuhamia ichunguzwe mara mbili zaidi ya ile ya kwanza, maana kwa nusu mwaka utakuwa unatembea bila mwavuli.

Unahakiki vipi? Kwanza, usipige namba iliyo kwenye barua ya ofa. Tafuta mwenyewe namba ya kampuni, piga mapokezi, uliza kama nafasi hiyo ipo na kama aliyesaini anafanya kazi pale. Bora zaidi, nenda ofisini kwa miguu yako. Nembo ya kampuni kubwa kwenye karatasi haithibitishi chochote, kijana yeyote mwenye simu anaweza kuibandika.

Pili, tafuta jina la kampuni kwenye mfumo wa BRELA mtandaoni. Usipoliona, simama hapo uulize maswali. Ukiliona, usishangilie bado. Usajili unaonyesha kwamba kampuni ipo, hauonyeshi kwamba inalipa mishahara. Hilo utaambiwa na wanaofanya kazi pale. Mtafute mmoja, mnunulie soda, muulize: mshahara unatoka tarehe ngapi? Michango ya NSSF inapelekwa kweli? Aliyekuwa kwenye nafasi hii kabla yangu aliondoka kwa nini?

Tatu, kazi za serikali. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yako kwenye tovuti yake, ajira.go.tz, na maombi yanapita Ajira Portal. Mtu anayekuambia ana koneksheni ya kukuingiza bila kuomba, ukimtumia "ya kufungua faili", anakuandaa kupigwa.

Nne, hela. Mwajiri wa kweli anakulipa wewe. Ukiambiwa utume ada ya fomu, ya sare, ya vipimo vya afya au ya mafunzo kwa namba ya simu ya mtu binafsi, usitume hata mia. Kama ni wakala wa ajira, mwombe leseni, kisha uliza Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA, au wizara yenye dhamana ya kazi kama wanamtambua. Kazi za Uarabuni ndiyo usicheze kabisa, kwa sababu ukishakosea huko, nauli ya kurudi huna na pasipoti pengine imeshikwa na mwingine. Na tapeli akikutumia meseji, usiifute. Peleka namba yake TCRA kupitia 15040, na kama ameshachukua hela yako nenda polisi na ushahidi wote. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni jinai.

Tano, soma mkataba wenyewe. Sheria inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi mambo ya msingi: kazi yako ni ipi, unaanza lini, mkataba ni wa muda gani, kituo kiko wapi, saa za kazi ni ngapi, mshahara ni kiasi gani na unakokotolewaje. Kama neno la mdomoni lilikuwa milioni moja na karatasi inasema laki sita "pamoja na marupurupu", amini karatasi.

Najua mtaniambia, "Dada, ukichelewa nafasi inachukuliwa." Nawaelewa, huku mtaani mchongo haukai. Lakini tujiulize. Mfanyakazi wa mshahara wa mwezi, akishapita mwezi wa kwanza kazini, anatakiwa kutoa notisi isiyopungua siku 28, na mkataba unaweza kutaka zaidi. Ukikataa kufanya kazi kipindi hicho, mwajiri anaruhusiwa kukata mshahara wa siku hizo kwenye malipo yako ya mwisho. Kila mwajiri makini analijua hilo. Anayekuambia "acha leo, kesho uanze" anataka uingie hasara kwa ajili yake kabla hajakulipa hata shilingi. Mtu wa namna hiyo, siku yako ikifika, atakujali?

Wengine wanaogopa bosi wa sasa asijue. Ni hofu ya haki kabisa. Mwambie mwajiri mpya kwa maandishi kwamba asipige simu kazini kwako mpaka mmalize makubaliano, na mpe mdhamini mwingine, kama mwalimu wako au bosi wa zamani zaidi. Akikataa hata hilo, ameshakuonyesha alivyo.

Vikishakaa sawa vyote, masharti yametimia na mkataba umesainiwa, andika barua yako kwa heshima, weka tarehe, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Dai mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hukuichukua na cheti cha utumishi. Hizo ni haki zako hata kama umeacha mwenyewe.

Kwa nini naandika haya kwenye ukurasa wa vijana wa chama? Kwa sababu njaa ya ajira ndiyo chambo. Kijana anayelipwa kiasi cha kuishi hakimbilii meseji ya saa nne usiku. Hapo serikali haiwezi kutuambia tu "kuweni makini". Tunataka orodha ya mawakala wenye leseni ipatikane kwenye simu kwa urahisi kama salio. Tunataka maofisa kazi waende kwenye shule, viwanda na maduka yanayoajiri bila mikataba. Na tunataka mjadala bungeni kuhusu ile miezi 6 isiyo na kinga, kwa sababu wanaoumia zaidi ni vijana wanaohamahama.

Sisi wa upinzani hakuna wa kutufundisha thamani ya saini. Kila uchaguzi tunawaambia mawakala wetu: usitoke kituoni bila nakala ya fomu ya matokeo iliyosainiwa. Hatukubali kuambiwa "matokeo mtayasikia baadaye". Sasa inakuwaje mtu aliyekesha kituoni akilinda karatasi ya kura za mgombea, anaacha kazi yake mwenyewe bila karatasi?

Kama una ofa mkononi leo, irudie uisome usiku huu. Kesho piga ile simu. Barua ya kuacha kazi isubiri.