Mto Unaowasha Taa za Nchi

Mtoto akiulizwa maziwa yatoka wapi, hujibu upesi kwamba yatoka kwa ng'ombe. Akiulizwa unga, hujibu kwamba watoka katika mahindi au mtama. Lakini akiulizwa umeme watoka wapi, aghalabu atauonyesha waya ulio juu ya nguzo. Jibu hilo si la uongo, ila halikufika mwisho. Waya ni njia tu, kama mfereji uletao maji shambani, na kila mfereji una chanzo chake. Katika somo hili tutaufuata mfereji huo mpaka chanzo chake katika nchi ya Tanzania, kisha nitasema lile nionalo kuwa ni wajibu wetu.

Kwanza yafaa tujue jinsi umeme unavyozaliwa. Mwaka 1831 mtaalamu wa Uingereza, jina lake Michael Faraday, alionyesha kwamba sumaku ikiendeshwa karibu na waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi, nguvu ya umeme hupita katika waya ule. Vituo vingi vya umeme duniani hufuata kanuni hiyo hata leo. Kazi iliyobaki ni kupata kitu chenye nguvu cha kuizungusha sumaku. Mahali pengine ni mvuke wa maji yaliyochemshwa kwa makaa; pengine ni gesi iwakayo; pengine ni upepo. Penye milima na mito, ni maji yaangukayo. Maji huzuiwa kwa ukuta mkubwa yakawa ziwa, kisha hupitishwa katika njia nyembamba iteremkayo, nayo huyapiga mapanga ya gurudumu la chuma. Gurudumu huzunguka, na sumaku huzunguka pamoja nalo. Maji yakiisha kufanya kazi hiyo hutoka chini na kuendelea na safari yake.

Nguvu ya vituo hupimwa kwa megawati. Megawati moja yatosha kuwasha kwa pamoja taa 100,000 za wati 10 kila moja. Shikeni kipimo hicho, maana tutakihitaji.

Basi na tuyafuate maji. Katika milima ya Mbeya na Njombe huanza vijito vingi, vingine vyembamba hata mtoto aweza kuviruka. Vijito hivyo hushuka katika bonde la Usangu, vikakutana na kuwa mto Ruaha Mkuu. Mto hupita katika kinamasi cha Ihefu, ukapita katika Hifadhi ya Ruaha penye tembo na viboko, hata ukafika Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa. Hapo pana bwawa la kuweka akiba ya maji, na kituo cha megawati 80 kilichoanza kazi mwaka 1988. Maji yakitoka Mtera hushuka mpaka Kidatu, katika mkoa wa Morogoro. Kituo cha Kidatu kilianza kazi mwaka 1975, na mitambo yake imefichwa chini ya ardhi, ndani ya mwamba. Nguvu yake ni megawati 204.

Maji yakitoka Kidatu hayajamaliza kazi. Huenda kuungana na mto Rufiji, na pamoja nao huingia katika Bwawa la Julius Nyerere. Ujenzi wa bwawa hilo ulianza mwaka 2019. Mwezi wa Desemba mwaka 2022 maji yakaanza kujazwa. Mwaka 2024 mtambo wa kwanza ukatoa umeme, na mwaka 2025 mitambo yote 9 ikawa tayari. Kila mtambo una nguvu ya megawati 235. Zidisheni wenyewe, mtapata megawati 2,115; na kwa kipimo chetu hizo ni taa zaidi ya milioni 211. Tazameni basi ajabu hii: tone moja la mvua lililoanguka juu ya mlima huko Mbeya laweza kuzungusha gurudumu la Mtera, na la Kidatu, na la Rufiji, kabla halijafika baharini. Ni mtumishi mmoja afanyaye kazi katika nyumba tatu.

Tena kuna kituo cha nne. Katika milima ya Udzungwa mto Kihansi huanguka kwa kimo kirefu mno, kiasi cha mita 850, nao tangu mwaka 2000 wazungusha mitambo ya megawati 180. Kisha maji yake huingia katika mto Kilombero, na Kilombero ndio uulishao Rufiji kuliko mto mwingine wowote.

Sasa mwenye akili ataona jambo moja. Mtera, Kidatu, Kihansi na Bwawa la Nyerere ni vituo vinne, lakini vyote vyanywa katika bonde moja. Jumlisheni nguvu zao, mtapata megawati 2,579, nazo ni zaidi ya nusu ya nguvu zote za vituo vya nchi. Ni kweli kwamba upande wa kaskazini mto Pangani nao una vituo vyake, kama Nyumba ya Mungu na Hale. Lakini hivyo ni vidogo, wala haviwezi kushika mahali pa hivi. Kwa hiyo si uongo kusema kwamba mto Rufiji, pamoja na mito iuingiayo, ndio uwashao taa za nchi.

Je, hilo ni jema au baya? Mimi naona ni jema, nasi twapaswa kulifurahia. Maji ya mvua hayanunuliwi kwa fedha za kigeni, wala hayatoi moshi. Lakini furaha isitupofushe. Mtu aliyeijenga nyumba yake juu ya nguzo moja, hata nguzo hiyo ikiwa nene namna gani, hana budi kuiangalia kila siku isiliwe na mchwa. Maoni yangu ni haya: inatupasa tuutunze mto huo tangu vijito vyake vya kwanza, na pamoja na hayo tusiutwike mzigo wote peke yake.

Yaliyotupata zamani yatufundishe. Mvua zilipokosekana, maji ya Mtera yalishuka sana, na mwaka 2006 na tena mwaka 2011 nchi nzima iliingia katika mgawo wa umeme. Wengi hudhani kwamba mgawo ni kukosa mwanga wa kusomea tu. Sivyo. Mashine ya kusaga husimama, na mama aliyeleta debe lake la mahindi hurudi nalo kichwani kama alivyokuja. Seremala na fundi wa kuchomelea vyuma hukaa bure mchana kutwa. Samaki wa mvuvi huoza kwa kukosa barafu. Bomba la maji la mji hukauka, kwa kuwa mashine isukumayo maji yaendeshwa kwa umeme. Katika zahanati isiyo na jenereta, mkunga hushika tochi mkononi. Hayo yote hutokea kwa sababu mvua haikunyesha mahali ambapo wengi wa watu hao hawajapata kupaona.

Labda mtu atasema, "Hayo ni ya zamani. Bwawa la Nyerere ni kubwa, laweza kushika maji zaidi ya mita za ujazo bilioni 30. Akiba hiyo yatosha." Ni kweli, akiba haiozi, lakini akiba huisha. Na tutazame kwa majirani zetu wa kusini. Kati ya Zambia na Zimbabwe lipo ziwa la Kariba, lililofanywa kwa kuuzuia mto Zambezi. Ziwa hilo laweza kushika kiasi cha mita za ujazo bilioni 180, nalo ni kubwa kupita mabwawa yote yaliyofanywa na watu duniani kwa wingi wa maji. Hata hivyo, mwaka 2024 ukame ulipozidi, maji ya Kariba yalishuka mpaka mitambo mingi ikasimama. Zambia ilikuwa ikipata zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake katika maji, na watu wake wakakaa gizani kwa saa nyingi za kila siku. Ikiwa Kariba ilishindwa, ni nani awezaye kuapa kwamba Rufiji haitashindwa kamwe?

Kwa hiyo shauri langu la kwanza ni kuvitunza vyanzo. Chukueni ndoo ya maji mkaimwage juu ya uwanja uliofagiwa: maji hukimbia yote, tena huchukua mchanga pamoja nayo. Mwageni ndoo nyingine juu ya majani na nyasi: maji hunywewa taratibu, na ardhi hubaki na unyevu siku nyingi. Msitu wa mlimani hufanya vivyo hivyo. Huinywa mvua ya masika, kisha huitoa kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Msitu ukikatwa, mto hufurika mwezi mmoja na kukauka mwezi mwingine, na udongo uliochukuliwa hulala katika bwawa na kulijaza matope. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, umekuwa ukikauka hifadhini wakati wa kiangazi, na viboko hubanana katika madimbwi machache. Bandu bandu humaliza gogo. Na mto nao humalizwa kwa mfereji mmoja hapa, shamba moja pale, mti mmoja kule.

Hata hivyo tusimfanye mkulima wa Usangu kuwa adui. Mpunga wake twaula sisi sote, naye ana haki ya maji kama aliye mjini alivyo na haki ya taa. Wala watu si wenye mto peke yao. Katika maporomoko ya Kihansi aliishi chura mdogo sana wa rangi ya manjano, ambaye watu wa elimu walimgundua mwaka 1996, naye hakuonekana mahali pengine popote duniani. Aliishi kwa manyunyu ya maporomoko yale. Maji yalipopelekwa katika mitambo, manyunyu yalipungua. Na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba hayupo tena porini. Alisalia kwa kuwa mwaka 2000 vyura kiasi cha 500 walikuwa wamepelekwa Marekani kulelewa, na tangu mwaka 2012 wazao wao wamekuwa wakirudishwa nyumbani, katika bonde ambamo watu wameweka mabomba ya kunyunyiza maji. Yalikuwa maji kidogo tu yaliyohitajiwa na kiumbe yule. Lakini kuyarudisha baada ya kuyaondoa kumekuwa kazi ya miaka mingi. Lililo haki, basi, ni kugawana kwa kipimo: mifereji ijengwe vizuri isivujishe, milango yake ifungwe mavuno yakiisha, na maji yaliyobaki yarudi mtoni. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za kudumu za watu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Sheria hiyo ni njema; yataka watu wa kuishika.

Shauri la pili ni kumpunguzia mto mzigo wake. Nchi ina gesi chini ya ardhi yake. Gesi ya Songo Songo imekuwa ikiendesha mitambo ya Dar es Salaam tangu mwaka 2004, na mwaka 2015 bomba kubwa la kutoka Mtwara likamalizika. Mitambo hiyo isiachwe ishike kutu kwa sababu bwawa jipya limejaa. Tena tunalo jua la Dodoma na Shinyanga, na upepo wa Singida, navyo huwa na nguvu hata wakati mvua imekosekana. Wakenya wametangulia katika jambo hili. Wao pia wana mabwawa, katika mto Tana. Lakini tangu mwaka 1981 wamekuwa wakitumia mvuke utokao ndani ya ardhi huko Olkaria, na siku hizi mvuke huo wawapa umeme mwingi kupita chanzo chao kingine chochote. Ukame ukija, mvuke hauna habari.

Wengine watasema kwamba kuwa na vituo vya namna nyingi ni gharama. Hapana shaka ni gharama. Lakini giza nalo lina gharama, na alipaye kwanza ni maskini, maana tajiri hununua jenereta. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ninyi wanafunzi hamwezi leo kujenga bwawa wala kulaza bomba la gesi. Lakini baadhi yenu mwakaa kando ya vijito vile vile tulivyovitaja. Mti usiokatwa juu ya chemchemi, shamba lisilosogezwa mpaka ukingoni, moto usiowashwa ovyo mlimani: hayo yamo katika uwezo wenu na wa wazazi wenu. Nanyi mkaao mijini, mkumbukeni yule wa mlimani. Akiambiwa asilime kando ya mto ili ninyi mpate taa, yafaa mwulize kama nyumbani kwake pia taa inawaka. Siku ile mlinzi wa chemchemi atakapopata umeme sawasawa na mwenye duka wa mjini, hatahitaji kuhimizwa kuulinda mto, maana atajua kwamba alinda chake.