King'ora Kikisha Kupita

Hakuna mwananchi mwenye akili timamu atakayegombana na gari la wagonjwa. King'ora kikilia tunasogea pembeni, na asiyesogea twamwona hana utu. Hilo limekwisha, wala hatulileti hapa kulijadili. Tunalolileta ni la baada yake. Gari limepita, mgonjwa yuko njiani kwenda hospitali, na njia panda imebaki vurugu. Nani anairudisha katika taratibu, na kwa gharama ya nani?

Katika miji mingi ya Marekani gari la wagonjwa au la zimamoto hubeba taa maalum inayomweka kiasi cha mara 14 kwa sekunde. Mtambo wa njia panda ukiiona hukatiza zamu iliyopo, huwasha manjano, kisha nyekundu, halafu hulifungulia njia gari lile. Muda wa manjano haukatwi kwa ajili ya yeyote. Lakini muda wa waendao kwa miguu kanuni zao zaruhusu ukatwe, hata mzee mwenye mkongojo akiwa katikati ya barabara. Dharura ina mlipaji wake, na aghalabu ni yule asiye na gari.

Tuseme taa za barabara moja zimepangwa kuzunguka kwa sekunde 90, zikienda kwa saa moja, ili gari lililoruhusiwa na taa ya kwanza liikute ya pili ni kijani. Dharura ikaishika njia panda moja kwa sekunde 40. Taa za hapo sasa ziko sekunde 40 nyuma ya wenzake. Gari limekwenda zake, deni limebaki. Mtambo waweza kutulia katika kijani cha barabara kuu sekunde 50 zaidi, mpaka mzunguko wa wenzake uufikie. Ni rahisi, lakini watu wa barabara ndogo, waliokwisha kungoja, huongezewa kungoja. Au waweza kupunguza sehemu moja ya tano ya kila mzunguko, yaani sekunde 18, ukawapata wenzake katika mzunguko wa 3, dakika 4 hazijatimia. Hata hivyo kijani hakifai kufupishwa hadi mwenda kwa miguu asiwahi kuvuka. Na zamu ya kwanza baada ya dharura? Mafundi huichagua wenyewe. Sisi twasema wapewe waliokatizwa.

Mwaka 2000 watafiti Nelson na Bullock waliupima mpango huu kwa barabara moja ya jimbo la Indiana. Waliona dharura moja peke yake haidhuru sana. Zikifuatana upesi, kabla taa hazijapona, ndipo ucheleweshaji unapokuwa mkubwa. Kwa hiyo kila king'ora kisicho cha haki huiba mara mbili: humwibia anayengoja sasa, na huharibu kupona kwa dharura ya kweli iliyotangulia. Wamarekani waliliona hilo. Mwaka 2005 walitunga sheria ya kuwafunga wauzao na watumiao mitambo hiyo bila ruhusa.

Hapa kwetu, saa za foleni, askari husimama katika njia panda za Dar es Salaam wakiongoza kwa mkono hata penye taa. Hatuwalaumu, ni kazi ya jua kali. Lakini askari mmoja hana macho ya kuona njia panda ya pili na ya tatu, na akiiachia barabara moja kwa muda mrefu, abiria wa daladala wa barabara ya pembeni husahauliwa. Kisha yupo mkubwa anayetaka njia kwa sababu amechelewa mkutano. Kuchelewa mkutano si ugonjwa. Na mwanachama mwenzetu naye asidhani kadi ya chama ni king'ora.

Basi madiwani wetu watakapoletewa taa mpya wasiridhike kuonyeshwa jinsi king'ora kinavyofungua njia. Waulize njia panda itarudi kwa mpango gani, baada ya mizunguko mingapi, zamu ya kwanza ni ya nani, na mwenda kwa miguu amewekewa sekunde ngapi zisizoguswa. Muuzaji asiyeweza kujibu arudi na taa zake.