Fundi, Usiifute Sura Yake

Juma hili nataka tuongee habari za mashine ya kufyonza vumbi. Pengine utacheka na kusema, "Sisi sakafu yetu ni ya saruji, fagio na kitambaa cha maji vyatutosha. Mashine hiyo yatuhusu nini?" Ngoja kwanza. Wako watu, hasa Marekani na Uingereza, wanaozitafuta mashine hizo zilizo kuukuu, za wakati wa babu zao, wakazisafisha na kuzitengeneza hata zikanguruma tena. Kila nisomapo habari zao naona kazi yao ina fundisho kwa mtu ye yote mwenye chombo cha wazazi wake nyumbani.

Yafaa ujue kwanza mashine hizi zilitoka wapi. Mwaka 1901, mhandisi Mwingereza, Hubert Cecil Booth, alitazama mtambo uliosafisha kwa kupuliza. Vumbi liliruka juu, kisha likarudi kutua pale pale. Booth akawaza: kwa nini lisivutwe? Akaweka leso juu ya kiti katika hoteli ya chakula, akatia mdomo, akavuta pumzi kwa nguvu. Alipoigeuza ile leso, upande wa chini ulikuwa umeshika vumbi tele. Basi akajua. Lakini mashine yake ya kwanza ilikuwa kubwa kama gari. Ilikokotwa na farasi, ikasimama njiani, na mipira mirefu ikapitishwa madirishani hata ndani ya nyumba. Ilikuwa mashine ya matajiri. Wasio na umeme walikuja kupata mashine za mkono, kama ile iliyoitwa Baby Daisy, ya mwaka 1908 hivi. Hiyo ilitaka watu wawili: mmoja husukuma mpini mbele na nyuma kama mtu wa mivukuto kwa mhunzi, mwenziwe hushika mpira na kusafisha.

Sasa sikiliza habari ya mtu mnyonge. Huko Canton, katika jimbo la Ohio, Marekani, alikuwako James Murray Spangler, msafishaji wa duka kubwa. Alikuwa na pumu, na kila alipofagia mazulia vumbi lilimziba kifua. Kazi hakuweza kuiacha, na pumzi hakuweza kuikosa. Mwaka 1907 akachukua mota ya feni, sanduku, mpini wa fagio, na foronya ya mto iwe mfuko wa vumbi, akaviunga pamoja. Mwezi wa Juni 1908 akapata hati ya uvumbuzi wake, lakini fedha za kuendeshea kiwanda hakuwa nazo. Bibi Susan Hoover, mke wa mfanyi biashara ya ngozi, akaijaribu mashine nyumbani kwake, akaipenda. Mumewe, William, alikuwa akitengeneza matandiko ya farasi, naye aliona motokaa zaja kumwondolea riziki. Mwaka ule ule akanunua haki ya kuitengeneza mashine ya Spangler. Ya kwanza kuuzwa iliitwa Model O. Uzito wake ulikuwa ratli 40, yaani kilo 18 hivi, na bei yake dola 60. Spangler alikufa mwaka 1915. Jina lililoenea duniani ni la Hoover, lakini kila mashine ya namna ile ina kikohozi cha Spangler ndani yake.

Hii ndiyo sababu watu huzitafuta. Mmoja ataka Model O. Mwingine ataka Electrolux Model V ya mwaka 1921, iliyolala chini na kuteleza juu ya vyuma viwili. Mwingine ataka Hoover 150 ya mwaka 1936, ambayo sura yake ilibuniwa na Henry Dreyfuss. Nyingi zilitupwa zamani, au zikayeyushwa kwa ajili ya madini yake, kwa hiyo zilizobaki ni chache.

Basi fikiri umeipata moja katika ghala ya bibi kizee aliyefariki. Herufi zake zimefifia. Mpini umelainika pale mkono ulipokuwa ukishika. Mfuko una kiraka kilichoshonwa kwa mkono, tena kwa uzi wa rangi nyingine. Una njia mbili mbele yako. Ya kwanza ni kuisugua yote, kuipaka rangi mpya na kuutupa mfuko ule. Itang'aa kama shilingi mpya, na majirani watakusifu. Ya pili ni kuifufua ifanye kazi yake, lakini alama za mikono iliyoitumia uziache.

Wakusanyaji wenyewe hubishana sana juu ya jambo hili, wala wa njia ya kwanza si wajinga. Husema kwamba mashine nyingi zilitoka kiwandani zikimeremeta, basi kuzing'arisha ni kuzirudishia haki yake. Kweli, aluminiamu iliyoshika ukungu mweupe yataka kusafishwa, na kutu ikiachwa hula chuma. Lakini mimi nasema hivi: kung'arisha waweza kung'arisha hata kesho. Herufi ukiisha kuzifuta hazirudi, na kiraka ukiisha kukichoma huwezi kukishona tena, maana aliyekishona hayupo.

Kwa hiyo nakupa maneno matano, ikiwa siku moja utakishika chombo cha kale cha umeme, kiwe cha vumbi au kingine.

Kwanza, usikichomeke kwenye umeme ili "uone tu kama kinafanya kazi." Mpira wa waya wa zamani hukauka ukapukutika, na umeme waweza kuingia katika bodi la chuma unaloshika. Mtu hufa hivyo. Tena chombo cha Marekani hutaka volti 110 au 120, na umeme wetu ni 230 hadi 240, hivyo mota itaungua mara moja. Mwite fundi wa umeme akipime kwanza.

Pili, kabla ya kufungua skrubu hata moja, piga picha. Kisha kila skrubu itie katika kopo lake lenye maandishi. Wengi huweza kufungua, lakini wachache hukumbuka kufunga.

Tatu, fungulia nje, nawe umejifunika pua na mdomo. Vumbi la miaka 70 si vumbi la jana. Katika vyombo vingine vya kale waliweka asbesto ya kuzuia joto, nayo hudhuru mapafu. Ukiona kitu kama pamba ya kijivu karibu na mota au waya, usikishike.

Nne, mota usiioshe kwa petroli. Mvuke wake ukibaki ndani, cheche moja yatosha kukuunguza wewe na nyumba. Mara nyingi ugonjwa wa mota ni mdogo tu: grisi imekauka, beringi zimechakaa, au brashi za kaboni zimekwisha. Hizo ni vitu vya kubadilishwa, kama mkanda wa raba. Kuzibadili si kuharibu ukale wake.

Tano, na hili ndilo kubwa, fanya lile tu unaloweza kulitengua. Mfuko ukiwa umechanika, shona mwingine wa kutumia, na ule wa zamani uukunje, uuweke pamoja na karatasi yenye maelezo. Kibati cha namba ya kiwanda kipanguse kwa kitambaa laini tu, wala usikisugue kwa msasa.

Naongeza la sita kwa waume, maana hawa wakusanyaji wengi wao ni wanaume. Nyumba si ghala. Mashine moja iliyotengenezwa vema na kupendwa na jamaa yote yashinda 30 zilizolundikwa chumba cha watoto, huku mama hana pa kuanika nguo. Kabla hujanunua ya pili, kaeni mkazungumze.

Sasa, msomaji wangu wa sakafu ya saruji, geuka uitazame ile cherehani ya bibi yako iliyofunikwa kitambaa pembeni. Maua yake ya rangi ya dhahabu yamefutika mahali pamoja tu, pale alipoegemeza mkono miaka yote akiwashonea ninyi sare za shule. Kijana wako akija na kopo la rangi nyeusi, amesimama tayari aipendezeshe, mshukuru kwa nia yake njema. Kisha mpe kazi nyingine: aitie mafuta, abadili mkanda, akaze nati zilizolegea, ishone tena. Lakini pale palipofutika kwa mkono wa bibi, mwambie apaache.

Haya, kwaheri hadi juma lijalo.