RAS KISIMANI: KISIMA KILICHOACHWA NA VISINGIZIO VYETU



Ndugu yangu Muislamu, soma mpaka mwisho kabla hujaniandikia "shekhe, mawe hayaliwi".

Katika Suratul Hajj, aya ya 45 na 46, Allah anataja miji iliyoangamia, visima vilivyoachwa na majumba yaliyobaki matupu, kisha anatuuliza kama hatutembei katika ardhi tukapata nyoyo za kuzingatia. Sisi tunapo pa kuzingatia. Ni Mafia, upande wa magharibi wa kisiwa, panapoitwa Ras Kisimani. Zaidi ya miaka 700 iliyopita palikuwa na mji wa Waislamu, una msikiti wake, umefungamana na Kilwa mpaka sarafu za masultani wa Kilwa zimeokotwa pale. Leo bahari imekula sehemu ya mji huo, na haijashiba.

Tusiseme hatukujua. Ripoti ya machimbo ya Neville Chittick pale Kisimani ilichapishwa mwaka 1961, mwaka ule ule tuliopata Uhuru. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo ya kabla ya 1863. Elimu ipo, sheria ipo. Kinachokosekana ni mkono wa kutoa.

Ukiuliza, utajibiwa: "Uchumi mgumu, hospitali zinataka dawa." Mgonjwa kwanza, hilo sibishani. Kulinda uhai ni katika makusudio makubwa ya sheria yetu. Lakini nionyeshe dawa iliyonunuliwa kwa fedha walizonyimwa magofu! Bajeti ikibana, turathi hukatwa mwanzo, na posho za vikao hukatwa mwisho. Huko si kumhurumia mgonjwa. Ni kumtumia kama kisingizio.

Na kuahirisha si kubana matumizi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, Unguja, iliporomoka na watu wawili wakafariki. Aliyeona ufa ni hasara kuuziba, na ahesabu sasa.

Wengine wanasema: "Tungoje wafadhili." Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini 2004, yakatolewa humo 2014, na misaada ya nje ilichangia. Tunashukuru. Lakini Julai 2025 Marekani imetangaza kujitoa UNESCO. Mfadhili akiona kwake kunabana, anafunga mfuko wake, na hatuwezi kumlaumu. Amana ni yetu, si yake.

Sasa nisikilize vizuri. Waislamu walipohamia Madina maji mazuri yalikuwa yakiuzwa, na masikini hana cha kulipa. Sayyidna Uthman (R.A.) akakinunua kisima cha Ruma, akakifanya wakfu kwa watu wote. Hakungoja uchumi utengemae. Dhiki yenyewe ndiyo iliyomfanya atoe.

Wazee wetu wa pwani waliielewa sunna hiyo. Mtu hana dhahabu, lakini ana minazi. Anatoa mnazi mmoja kuwa wa msikiti, nazi zake zinanunua mafuta ya taa na mikeka. Mafia ni kisiwa cha minazi! Tumeshindwa wapi?

Kwa hiyo nasema na pande mbili. Wewe mwenye kalamu ya bajeti, wilayani na wizarani: tenga fungu dogo lisilokatwa kila mwaka, la mlinzi, la kupima na kupiga picha kila kilichobaki kabla maji hayajakichukua. Hilo si ombi la msikiti kwa serikali. Ni historia ya nchi nzima, ya Muislamu na asiye Muislamu. Na wewe uliyenifuata hapa: usimnyooshee serikali kidole ilhali harusi ya mwanao ilimaliza milioni na wakfu wako ni sifuri. Weka wakfu, hata wa mnazi mmoja.

Hatuyatunzi magofu ili tuyaabudu wala kuyaomba. Tunayatunza ili mtoto wa Mafia ajue kuwa babu zake walisujudu, walisoma na walifanya biashara na ulimwengu kabla ya mkoloni kufika.

Siku bahari ikimaliza, hakuna bajeti itakayourudisha mji ule.

Allah atujaalie kuwa watunzaji wa amana. Wallahu a'lam.

Mfikishie na mwenzako.