UNILU au ISC? Ulizeni kwanza habari za karatasi

Tuache yale maneno ya kwamba masomo ya usimamizi UNILU ni ya wenye akili, na ISC ni ya waliokosa nafasi. Tangu 12 Septemba 2012 Kongo imo ndani ya OHADA: mhasibu wa Gécamines na wa kampuni ndogo ya Kasumbalesa wanafuata sheria moja ya hesabu, hata wawe wamesoma wapi.

Familia zilizokimbia Goma na Bukavu mwaka 2025 zina swali lingine. Mwanafunzi ambaye karatasi zake za pointi zilibaki huko, nani atamwandikisha? Wakuu wa vyuo vyote viwili waseme kwa maandishi, kabla ya kupokea hata faranga moja: picha ya karatasi kwenye simu inatosha? Ama atapewa mtihani wa kumpima? Mzazi, usipojibiwa, usilipe.