Mafaili Yaliyotiwa Kufuli

Mwezi wa Desemba mwaka 1989 zilisambazwa kwa posta kutoka London disketi zipatazo 20,000 zilizodai kuwa na elimu ya UKIMWI, na yeyote aliyezitia katika kompyuta yake aliona, mashine ilipokwisha kuwashwa mara 90 au karibu na hapo, majina ya mafaili yake yamevurugwa, pamoja na amri ya kupeleka dola 189 kwa sanduku la posta huko Panama. Mtuhumiwa wa hila hiyo, Joseph Popp, alikuwa mtaalamu wa elimu ya viumbe, Mmarekani aliyewahi kuwachunguza nyani katika Afrika Mashariki.

Hila ile ilivuruga majina tu, na dawa yake ikapatikana upesi. Za leo huyafumba maandishi yenyewe, na aghalabu hapana fundi, awe wa Lushoto au wa Ulaya, awezaye kuyafumbua pasipo ufunguo alio nao mwizi.

Walakini mlango huufungua mwenye nyumba. Katika steshenari zetu za Lushoto, ambamo huchapwa mitihani ya shule, mihtasari ya vikao na hati za mauziano ya mashamba, flashi moja huweza kuzunguka Soni, Mlalo na Bumbuli kwa juma moja, na programu nyingi ni zile zilizovunjwa kufuli ili zisilipiwe. Kirusi kiitwacho Djvu hujificha humo humo: maelezo ya kuiweka programu humwamuru mtu azime kwanza kinga ya kompyuta, naye hutii, kisha kila faili huota mkia wa herufi ngeni, na barua ya Kiingereza humdai fedha kwa dola, au nusu yake akiwahi ndani ya saa 72. Simlaumu sana fundi, maana naye hutafuta riziki, lakini urahisi huo una gharama.

Kadhalika tusipuuze masahihisho ya programu kwa kuhurumia bando. Kirusi kiitwacho WannaCry kilipozuka tarehe 12 Mei 2017 na kuzitia msukosuko hata hospitali za Uingereza, Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa kinga yake tangu Machi.

Kulipa hakuna dhamana, kwani aliyekuibia ndiye unayemwamini akurudishie. Afadhali kuchomoa intaneti, kutofuta kitu, na kutazama katika mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na wenzao, ambao hutoa bure funguo za baadhi ya virusi hivi.

Hata hivyo kinga iliyo bora ni nakala. Mkulima wa milima hii hali mbegu yake, huitenga. Nasi tuzitenge amana zetu katika diski ya pili, ichomekwe wakati wa kunakili na kuchomolewa papo hapo, maana diski iliyoachwa katika mashine hufumbwa pamoja nayo. Enyi wenye steshenari, mlioaminiwa karatasi za watu, inunueni diski hiyo kabla ya printa nyingine.