Bamama, rangi ije mwisho

Kikundi kikinunua kamionete ya zamani ya mazutu, kwa mfano Toyota Hilux, wengi wetu tunawaza kwanza rangi na matairi makubwa. Lakini gari hiyo itaenda Kasumbalesa kuleta unga, na wenzetu watakaa ndani. Franka ya kwanza iende kwenye freni.

Ya pili iende kwenye mkanda wa moteri. Hilux nyingi za zamani zenye moteri 2L au 3L zina mkanda wa mpira unaopanga mwendo wa valvu na pistoni. Ukikatika gari ikitembea, valvu zinagongana na pistoni, na moteri inaharibika. Muuzaji asipojua ulibadilishwa lini, ubadilisheni kabla ya safari.

Ya tatu ni filta ya hewa, maana vumbi letu jekundu linakula moteri.

Mkitengeneza nyumbani, fundi asiingie chini ya gari inayoshikwa na kriki peke yake. Oili chafu ikusanywe ndani ya bidoni, mbali na kisima: maji hayo ndiyo watoto wetu wanakunywa. Rangi itangoja.